Gitaa la Kanyinda na Bobini Iliyozungushwa Kinyume

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa waya wala koleo. Nilipewa mota iliyoungua, nyeusi, inanuka kama sufuria ya maharage iliyosahauliwa jikoni. Kapita wa benchi, msimamizi wetu, aliniambia nitoe waya wake wote, na kabla ya kuutoa nihesabu mizunguko, bobini moja baada ya nyingine. Nilikuwa mjane wa miaka ishirini na sita. Nilitoka kwenye foye ya kampuni ya migodi, mahali wake wa wafanyakazi walipofundishwa cherehani, na injinia mmoja aliyeona mishono yangu alisema vidole vile vinapotea bure kwenye vitambaa vya meza. Hivyo nikaingia katika karakana ya umeme ya Kolwezi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na wanne. Waliacha kutukana kwa siku mbili kwa heshima yangu, kisha wakanizoea, wakaendelea.

Kazi yetu iliitwa bobinaji. Ndani ya kila mota ya pampu, ya feni, ya mkanda wa kubebea mawe, kuna waya wa shaba uliopakwa vanishi na kuzungushwa mara nyingi hadi ukawa kama kitanzi kinene; kitanzi hicho ndicho bobini. Bobini hulala katika mifereji ya chuma, zimefungwa kwa utepe wa pamba. Mota ikiungua, unatoa waya wa zamani, unazungusha mpya, unafunga, unachovya kwenye vanishi na kuoka tanurini kama mkate. Ukikosea mizunguko michache, mota itapiga kelele. Ukikosea mingi, itaungua upya, tena siku ambayo wakubwa wamekuja kutembea.

Nilikuwa nimefika bobini ya mwisho nilipokuta kikaratasi kimekunjwa chini ya utepe. Nilidhani ni uchafu, nikakitupa ndooni. Kapita, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, aliinama akakitoa.

"We mama, unatupa barua ya bantu?"

Alikikunjua juu ya benchi. Kulikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi: idadi ya mizunguko, unene wa waya, kisha maneno kwamba mfereji mmoja una ufa na umewekewa karatasi ngumu. Mwisho palikuwa na jina la mtu.

"Uyu mutu alikufa zamani," Kapita aliniambia. "Lakini iko anakuonyesha ufa iko fasi gani. Kila mwenye kufungua mota anaandika: alifanya nini, alikosea wapi, na jina yake. Mota haifichiwe, mama. Mwenye kuifungua kesho ni ndugu yako, ata haumujue."

Nimefanya kazi ile miaka thelathini na moja na sijapata katekisimu fupi kuliko hiyo. Ninyi mnaotupa mota nzima na kununua nyingine mtacheka, na mcheke tu. Sisi hatukuwa na ya kutupa.

Nilivunja sheria hiyo mara moja, nilipohamishiwa Kisenge, kwenye machimbo ya manganizi. Kule vumbi jeusi liliingia hadi kwenye chai. Mkuu wa Karakana wa Kisenge alikuwa mtu mfupi aliyefunga tai hata siku ya kupaka grisi, naye hakupenda vikaratasi vyetu. "Mama, mukaguzi akikuya akafungua, atasoma makosa yetu yote," aliniambia. "Andika 'imetengenezwa' mu kitabu, basi." Nilitii. Miezi mitatu baadaye pampu moja ilirudi, nikaifungua, na kazi yangu mwenyewe ikanitazama kama mgeni. Sikukumbuka niliweka waya gani wala kwa nini. Nilipoteza siku mbili kuhesabu nilichokizungusha mimi, huku pampu nyingine ikifanya kazi ya mbili na maji yakipanda shimoni. Tangu hapo niliandika vikaratasi hata mbele ya wakubwa walionikataza. Niliviweka ndani kabisa, pale ambapo mtu wa tai hafiki.

Nikarudishwa Kolwezi na kupewa nyumba Kapata, kwenye safu za nyumba za kampuni zinazofanana hata mlevi huingia kwa jirani. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Tata Kanyinda, mtunza stoo, yule aliyetupimia waya kila asubuhi na kutusimanga kwa kila mita. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba. Kanyinda mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akang'oa jino lake la kwanza Kolwezi. Mimi nilizaliwa mbali kaskazini mwa mkoa huuhuu, Malemba, nikaja hapa nimeshakuwa mke wa mtu. Miaka ya kufukuzana ilipofika, mimi ndiye niliyehesabiwa mwenyeji na yeye mgeni. Mwenye kuelewa hesabu hiyo anieleze.

Kanyinda alikuwa na gitaa la umeme. Alilinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na wakati huo tayari lilikuwa la zamani. Kufikia siku nilipolijua lilikuwa limepitia mengi. Kichwa chake kilikuwa kimevunjika na kuungwa kwa mbao ya mulombwa, vigingi vya kukazia nyuzi vilitoka kwenye magitaa mawili tofauti, na mwili ulipakwa ile rangi ya kijani ya mashine, mabaki ya kopo. Jumapili alilipiga uwanjani kwenye okestra ya kambi. Mkewe, Mama Ngalula, aliuza maandazi pembeni akijifanya hamtazami.

Siku moja gitaa likanyamaza. Kanyinda aliliingiza kwangu limefungwa blanketi.

"Mama Ngoie, mikro zote mbili zimekufa. Batengeneza-radio banasema nitupe. Weye unarudishaka mota yenye kufa. Aya, rudisha na hii."

"Tata, mota haiimbaka."

"Njo utaiimbisha."

Mikro ni vile visanduku viwili vilivyo chini ya nyuzi. Nilifungua kimoja, nikacheka kwa sauti. Ndani mlikuwa na sumaku, na kuizunguka sumaku, bobini! Bobini yangu ileile, ila waya wake ni mwembamba kuliko unywele. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya na kwenda kwenye kipaza sauti. Nilipata waya mwembamba wa namna hiyo kwenye mita za umeme zilizokuwa zimetupwa, nikauzungusha kwa mkono majuma matatu, jioni baada ya jioni, nikihesabu kwa Kiluba kwa sababu kwa Kiluba sipotei.

Hapo nikafanya kosa ambalo mpiga gitaa asingelifanya hata akilewa. Katika mota, bobini mbili zilizo jirani huzungushwa kinyume, moja kulia na nyingine kushoto. Ukizizungusha zote upande mmoja mota haigeuki, inanguruma tu hadi iungue. Mikono yangu ilizoea hivyo. Mikro ya kwanza niliizungusha kulia. Ya pili, bila kufikiri, nikaizungusha kushoto.

Kanyinda alipojaribu mikro moja peke yake, sauti ilikuwa nzuri. Alipofungua zote mbili pamoja, gitaa likalia kwa puani, jembamba, kama mtu mwenye mafua anayeimba vizuri. Nilitambua kosa langu papo hapo, nikanyoosha mkono kulichukua.

"Leka! Usiguse."

"Tata, nimekosea. Iko inalia mu pua."

"Iko inalia sawa likembe ya nkambo yangu," alisema, akichezesha vidole gumba kama babu yake juu ya vile vyuma vya likembe, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Leka vile. Na usikie kitu ingine, mama. Usikie ile kelele haiko."

Ni kweli. Wakati ule magitaa yote ya kambi yalinguruma, kwa sababu nyaya za umeme zilipita kila mahali na mikro hunasa mngurumo wao. Bobini zangu zilinasa mngurumo pande mbili zinazopingana, moja ikaufuta wa mwenziwe. Sikuwa nimekusudia, na nilimwambia hivyo. Kisha nikaandika kikaratasi kama nilivyofundishwa: "Mikro ya pili imezungushwa kinyume. Kosa ni langu. Mwenye gitaa anakataa irekebishwe. Ngoie, bobinaji." Nikakifunga chini ya kibao cha mbele na skrubu zake.

Kisha mambo yakaharibika, polepole kwanza, halafu kwa pamoja. Waya mpya ukaacha kuja. Tulitoa waya kwenye mota zilizokufa, tukaunyoosha, tukaupaka vanishi upya. Posho ya unga ikachelewa juma, ikachelewa mwezi. Watu wakipungukiwa chakula hutafuta wa kulaumu, na wanasiasa wakawaonyesha. Kila mtu mwenye jina la Kasai akaambiwa arudi kwao. Watu niliosali nao walisimama milango ya jirani zao wakiwa na fimbo. Naliandika hili kwa aibu, maana walikuwa watu wa upande wangu.

Jumanne moja, saa ya chakula cha mchana, Kanyinda alikuja kwenye geti la karakana. Kazi yake ya stoo ilikuwa imepewa mtu mwingine juma lililotangulia. Alikuwa amebeba blanketi lile.

"Mama, banatufukuza mu nyumba asubui," aliniambia. "Tuko ku gare ya treni. Bantu banalala inje juu ya mawe, na treni hakuna mutu anajua itakuya lini. Ngalula anabakia na majuma mbili azae. Kuko lori moja itaenda Kamina siku ya posho, na mwenye lori anataka feza mbele." Siku ya posho ndiyo Jumamosi kwetu. "Ku gare banataka kununua gitaa kwa kikombe cha unga. Weye uko mwana wa inchi. Weye utaweza kutembea nayo mpaka upate mununuzi."

Nilichukua blanketi, yeye akaondoka haraka kabla walinzi hawajamwona.

Nililiweka wapi? Nyumbani lisingelala salama, maana vitu vya waliofukuzwa vilikuwa vinaingia kila nyumba. Nikafanya kitu ambacho mtu wa karakana peke yake angekifikiria. Nilichukua fishi, ile kadi ya njano tunayofunga kwenye kila mota inayosubiri matengenezo, nikaandika "mikro, kukagua", nikaifunga shingoni mwa gitaa na kuliweka rafu moja na mota. Kitu chenye fishi hakuna anayekigusa. Hiyo ilikuwa sheria kubwa kuliko serikali. Alasiri Mkuu wa Karakana wetu wa Kolwezi alipita. Alisimama mbele ya rafu, naye alijua gitaa lile kama Kapata nzima ilivyolijua.

"Mama Ngoie. Hii inafanya nini apa?"

"Iko mu riparasio, shefu."

Aliisoma fishi pande zote mbili, ingawa upande wa pili haukuwa na kitu. Kisha akanitazama.

"Basi maliza mbio," akasema, akaenda zake.

Jumatano nilimwendea Injinia wa Matengenezo, mgeni aliyekuwa akifunga mizigo arudi Ulaya. Nilisikia anapenda vyombo vya muziki vya kale. Nyumba yake ilijaa makasha. Alilipokea gitaa kwa mikono miwili kama anapokea mtoto, akakwangua rangi ya kijani kwa ukucha na kutafuta namba nyuma ya shingo. Alipoiona akaketi juu ya kasha.

"Mama, hii ni ya zamani sana. Mi natafutaka kama hii miaka mingi. Kichwa kilivunjika, hakuna neno. Rangi, hakuna neno, nitaitoa." Akataja bei. Ilitosha lori na ikabaki chakula cha miezi. "Kitu moja tu. Mikro ni zake za kuzaliwa? Hakuna mutu alifungua ndani?"

Bisibisi zake zote zilikuwa zimefungwa kwenye makasha. Yangu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Hapana moja tu, na Ngalula angepanda lori. Nilikwisha kufungua mdomo kuisema. Lakini nilimwona mtu huyu yuko mbali Ulaya, anafungua kibao, anakuta jina langu na neno "kosa" kwa mwandiko wangu, na mimi nimemwambia hapana. Nilikuwa naweza kukitoa kikaratasi njiani, ndiyo. Hata hilo nilikuwa nimelifikiria tangu asubuhi, msinione mtakatifu. Nilishindwa. Miaka ile yote ya kuandika makosa yangu ilikuwa imenifunga mkono. Nilitoa bisibisi, nikafungua skrubu na kumpa kikaratasi.

Alikisoma mara mbili. Akakirudisha mwenyewe mahali pake kwa adabu.

"Asante, mama. Lakini siwezi."

Nilirudi Kapata kwa miguu nikijitukana njia nzima. "Uaminifu wako, Ngoie," nilijiambia, "utamzalisha Ngalula juu ya mawe ya reli." Nililia kwa hasira, na sikujali nani ananiona. Hadi leo sijui ningewatazamaje watoto wa Kanyinda kama mambo yangeishia hapo.

Alhamisi nilisikia kuna mfanyabiashara wa chumvi kutoka Dilolo, Tata Chinyama, amelala kwenye kapela ya Waprotestanti karibu na mashine ya kusaga. Alikuwa pia kiongozi wa kwaya kwao mpakani. Nilimkuta anapigana na magitaa mawili ya kapela. Mota ya mashine ya kusaga ilikula umeme kwenye laini moja na kapela, na kila alipowasha kipaza sauti, kilinguruma kuliko watakatifu wote wakiimba.

Safari hii sikungoja kuulizwa. Niliweka gitaa juu ya benchi ya kanisa, nikafungua skrubu na kumkabidhi kikaratasi kabla hajaligusa.

"Tata, soma kwanza. Mi sitaki mutu aniulize nyuma."

Alikisoma taratibu, midomo ikitembea.

"Banaandika kosa," alisema. "Aya, tusikie kosa."

Aliunganisha waya na kufungua mikro moja. Mngurumo. Akajaribu nyingine. Mngurumo. "Fungua zote mbili," nilimwambia. Alizifungua. Mashine ya kusaga iliendelea kupiga kelele nje, unga ukiruka, lakini ndani ya kipaza sauti kukawa kimya kama maji ya mtungini. Chinyama aliinama akasikiliza kimya kile. Halafu akapiga nyuzi, na ile sauti ya puani ikatoka, nyembamba, tamu, kila noti peke yake. Wamama waliokuwa wamepanga foleni na mabeseni yao ya mahindi walikuja dirishani. Mmoja akasema, "Ile ni gitaa ya Tata Kanyinda." Mwingine akaanza kulia kimyakimya, beseni kichwani.

Chinyama alisimamisha nyuzi kwa kiganja.

"Mwenyewe iko wapi?"

Nilimweleza yote, Ngalula, mawe na lori. Alibisha bei kidogo, kwa heshima ya biashara, maana mfanyabiashara asiyebisha huumwa kichwa. Kisha akatoa niliyoitaja.

"Kosa hii, ni nani alifanya?"

"Ni miye."

"Basi usikufe mbio, mama. Ikiharibika nitakutafuta wapi?"

"Jina langu liko ndani. Na tata, usikie: kila mwenye kuifungua aandike yake aweke hapo. Alifanya nini, alikosea wapi, na jina. Njo desturi yetu."

Aliahidi, kwa uzito, mkono juu ya mbao ya mulombwa.

Ijumaa nikaenda gare. Sitaeleza yote niliyoyaona. Ngalula alikuwa ameketi juu ya kasha la cherehani yake, miguu imevimba, anawachana nywele watoto wake wawili kana kwamba wanajiandaa kwenda misa. Nilimpa Kanyinda kitambaa kilichofungwa fedha ndani. Hakuzihesabu.

"Mununuzi anajua ndani?" aliniuliza.

"Anajua yote. Nilimufungulia."

Kanyinda akacheka, na watu waliolala kwenye mabunda waligeuka kutazama ni nani anacheka mahali pale. "Mama Ngoie na bikaratasi yake," akasema. "Utasumbua ata Petro ku mulango."

Ngalula alinishika mkono, akauweka tumboni mwake, tukakaa hivyo. Jumamosi asubuhi nikiwa kwenye benchi nilisikia honi ya lori kwenye barabara ya kaskazini. Niliamini ni lao. Sikuwa na namna ya kujua.

Miaka ikafuata ambayo sitaki kuirefusha. Posta ilikufa. Barua nilizoandika zilirudi au hazikurudi. Kampuni ilitulipa kwa ahadi. Lakini watu lazima wale, na mahindi lazima yasagwe, kwa hiyo mota za mashine za kusaga zilikuja uani kwangu kwa mikokoteni na baiskeli. Niliwazungushia waya wa zamani, nikalipwa unga, na wasichana watatu wa Kapata wakajifunza kazi kwenye meza yangu ya kulia. Nawataja kwa sababu wanafanya kazi hadi leo, na kila mota wanayoifunga ina kikaratasi. Kustaafu kwangu kulikuwa kusaini karatasi moja mbele ya Mkuu wa Wafanyakazi, aliyeniuliza kama nina swali. Nilimuuliza nani sasa ana ufunguo wa tanuri la vanishi. Hakujua tanuri ni nini.

Mwaka huohuo, asubuhi moja, mzee mwenye mvi alisimama uani na blanketi nililolijua.

"Mama, hauyakufa," Tata Chinyama alisema. "Ni muzuri. Mikro moja inanyamaza."

Nilimpa kiti na chai ya mchaichai, nikatafuta bisibisi yangu. Yeye alikaa ananitazama na tabasamu la mtu anayeficha zawadi.

"Kuko barua yako ndani," akasema. "Mi najua inasema nini, lakini mwenyewe alinikataza kukuambia na mudomo. Alisema ufungue weye."

Chini ya kibao kikaratasi changu kilikuwapo, kimegeuka rangi ya chai, na juu yake vingine vinne vimekunjwa vidogo. Fundi wa Dilolo alibadilisha tundu la waya, akakiri kuwa ameunguza mbao. Mwalimu wa kwaya aligongomea kifungo cha mkanda. Mtu mmoja asiyejua kuandika sana aliweka jina tu na neno "samahani". Cha nne kilikuwa na mwandiko uliozoea kupima waya wangu kila asubuhi:

"Skrubu mbili za shingo zililegea, nimekaza. Mikro sikugusa. Nilisikia gitaa inalia mu kanisa ya Mwene-Ditu, uku Kasai, fasi Tata Chinyama alileta chumvi, mbele ya kuiona, nikakimbia na miguu mitupu. Mama Ngoie, posta ilikufa lakini gitaa inatembea. Lori ilitufikisha Kamina. Kesho yake Ngalula alizaa ku hopitali, mu kitanda. Mutoto mwanamuke. Ni majina yako. Kanyinda."

Kwetu, mtu mliyepewa jina moja naye humwiti kwa jina; unamwita "majina", kana kwamba ninyi wawili mmegawana kitu kimoja. Nilimsomea Chinyama kikaratasi kile kwa sauti, toka mwanzo. Alikuwa mtu mwema, alisikiliza kana kwamba hajui.

Vijana, mnaniuliza kila mara kazi yetu ilitufaa nini, maana kampuni ilianguka na nyumba zinabomoka. Kwa miaka mingi sikuwa na jibu la kuwapa. Sasa ninalo: mahali fulani Kasai kuna Ngoie aliyezaliwa kitandani.

Mikro iliyokufa ilikuwa ya pili, ileile ya kosa. Niliizungusha upya kwa siku nane, macho yangu si yale ya zamani, nikihesabu kwa Kiluba. Chinyama aliuliza kama sasa nitairekebisha. Nilimwambia anyamaze nisipotee hesabu. Nilipomaliza nikachukua kalamu ya risasi, nikaandika, nikakunja, na kukaza skrubu nne:

"Mikro ya pili imezungushwa kinyume, safari hii kwa kusudi. Ngoie mukubwa iko Kapata, nyumba ileile, na anangojea Ngoie mudogo aje kumusalimia."